Uliza Fundi: Kompyuta ya gemu huanzia ukutani

Barua nyingi za toleo hili zimetoka kanda ya ziwa, na karibu zote zinauliza jambo moja kwa sura tofauti: nina fedha ya wastani, nataka kujiundia kompyuta ya gemu, ninunue nini? Tumechagua saba. Atakayeona tumezungumzia umeme kuliko kadi za michoro atuvumilie. Mashine nyingi zinafia kwenye umeme.

Shikamoo fundi. Nimejichanga hadi nimefika shilingi milioni mbili na nusu. Monita ninayo, ya 1080p na Hz 144, kibodi na mausi pia. Nacheza EA Sports FC, GTA V na Counter-Strike 2. Nipangie vifaa. Wengine wananiambia nichukue i7 nisije nikajuta. (Kijana wa Nyakato)

Marahaba kijana. Hiyo i7, prosesa ya Intel ya daraja la juu, itoe kichwani kwanza. Kwa gemu ulizotaja, prosesa ya viini 6 (sehemu zinazofanya hesabu) na nyuzi 12 (kazi inazoshika kwa wakati mmoja) inatosha, na fedha utakayookoa kwa kuiacha i7 ndiyo itakayokupandisha ngazi moja ya kadi ya michoro. Kati ya hizo tatu, Counter-Strike 2 ndiyo inayoitegemea sana prosesa, na hata hiyo Ryzen 5 5600 inaimudu vizuri kwenye Hz 144.

Mgao wetu ni huu, na ni mgao tu, si orodha ya bei, maana bei ya Kariakoo ya leo si ya wiki ijayo: kadi ya michoro 850,000, prosesa na mazabodi (bodi kuu) 600,000, RAM 250,000, SSD 220,000, pawasaplai 220,000, kasha na feni 160,000, UPS (betri ya akiba umeme ukikatika) 200,000. Umeona UPS imo ndani ya hesabu, haijaachiwa "nitanunua baadaye". Hiyo baadaye huwa haifiki mpaka kitu kiungue.

Prosesa: Ryzen 5 5600 au Core i5-12400F. Zote mbili huja na feni yake zikiwa kwenye boksi. Inayouzwa bila boksi mara nyingi haina feni, kwa hiyo bei ya chini ya duka la pili inaweza kuwa si nafuu kama inavyoonekana. Jua pia kwamba hizi mbili hazina michoro ya ndani. Kadi ikiharibika, huna picha kabisa, hata ya kuandikia barua. Ukiweza kuongeza fedha, Ryzen 5 7600 ina michoro midogo ya ndani na inakaa kwenye soketi ya AM5 (kiti cha prosesa kwenye mazabodi), ambayo AMD imeahidi kuiendeleza angalau hadi 2027. Tatizo ni kwamba inataka RAM ya DDR5 na mazabodi ghali zaidi, na bei ya RAM imepanda vibaya tangu mwishoni mwa 2025. Kwa bajeti yako sisi tungebaki na 5600, tukijua wazi kwamba soketi yake ya AM4 imefika mwisho wa safari.

Mazabodi ya 5600 iwe B550, usishuke B450 kwa kuokoa elfu chache. Sababu ni hii: kadi za daraja lako, yaani RTX 4060, RX 7600 na RX 6600, zinatumia njia 8 tu za PCIe (barabara ya data kati ya kadi na mazabodi) badala ya 16. B550 ina PCIe 4.0, kwa hiyo njia 8 zinatosha. B450 ni 3.0, upana unakuwa nusu. Muda mwingi hutaona tofauti, ila kumbukumbu ya GB 8 ya kadi ikijaa, data inaanza kupita kwenye hiyo njia nyembamba na gemu linaanza kukwamakwama. Ukienda na Intel, chukua B660 au B760 na usome boksi mara mbili: modeli ileile hutoka kwa DDR4 na kwa DDR5, na kijiti cha moja hakiingii kwenye nyingine.

Kadi: RTX 4060 inakula wati 115, RX 7600 wati 165. Kwa 1080p zote zinakufaa. Ya kwanza tunaipendelea kwa sababu ya umeme na joto. Utaambiwa pia kuhusu Arc B580 yenye GB 12. Kadi nzuri, lakini inataka prosesa ya kisasa na mpangilio wa Resizable BAR uwe umewashwa kwenye BIOS (programu ya mazabodi inayoiwasha mashine). Ikipewa prosesa ya umri wa 5600, baadhi ya gemu hupoteza fremu (picha kwa sekunde) nyingi.

RAM ni vijiti viwili vya GB 8, DDR4-3200 au 3600. Usinunue kijiti kimoja cha GB 16 eti utaongeza kingine mbele: kimoja kinafanya kazi kwa mkondo mmoja, na fremu zinazoumia ni zile za chini, zinazofanya mchezo uruke. SSD iwe ya NVMe ya TB 1, maana GTA V peke yake inapita GB 100. Neno M.2 halikuhakikishii kitu, ni umbo tu. Ipo M.2 ya SATA inayoishia karibu MB 550 kwa sekunde, na ipo ya NVMe inayofika 3,500 na zaidi. Sharti boksi liseme NVMe au PCIe.

Sasa pawasaplai, na hapa tunaomba utulie. Mashine hii yote ikicheza haifiki wati 300, lakini nunua ya wati 550 au 650, yenye alama ya ufanisi ya 80 Plus Bronze, kwa sababu kadi hurusha mahitaji ya ghafla ya sehemu ndogo ya sekunde. Usiamini namba kubwa ya ubavuni. Soma jedwali dogo la kibandiko, safu ya +12V, uzidishe ampea kwa 12. Ya kweli ya wati 550 itakuwa na ampea 43 hadi 45 hivi. Ukikuta "600W" na ampea 20, hiyo ni pawasaplai ya wati 240 iliyovaa suti ya kuazima. Kisha tazama ingizo: iwe 100–240V. Zile za 200–240V tu huzimika jioni volti zinaposhuka mtaani. Na ukikutana na ya zamani yenye swichi nyekundu ya 115/230, iwe 230 kabla hujaichomeka. Ikiwa 115 utasikia mlio mmoja, na utakuwa wa mwisho.

UPS husomwa kwa wati, si kwa VA. Nyingi za bei ndogo zenye VA 650 hutoa wati 360 hadi 390 tu. Chukua ya VA 1,000 hadi 1,200, yenye wati 600 na kuendelea. Kazi yake ni kukupa dakika chache za kuhifadhi na kuzima. Usitegemee kumalizia mechi.

Nikinunua RTX nzuri, ping itashuka? Sasa hivi napata juu ya 150. (Msomaji, Buhongwa)

Haitashuka hata kidogo. Ping ni safari ya data kwenda kwenye seva na kurudi. Tumia waya wa LAN badala ya Wi-Fi, chagua seva iliyo karibu (kwa Counter-Strike 2 jaribu Johannesburg kabla ya Ulaya), na zima masasisho yanayopakuliwa chinichini. Kama intaneti yako ni ya simu, saa ya usiku mnara unapojaa hakuna kadi itakayokusaidia.

Nimeshaunda mashine na inafanya kazi, ila nikigusa kasha nikiwa peku nahisi umeme unanitambaa mkononi. Fundi wa umeme amesema ni kawaida ya kompyuta. Nyumba yetu iko juu ya mawe, Igogo. (Msomaji)

Ni kawaida ya kompyuta isiyo na aathi (waya wa kupeleka umeme ardhini), kwa hiyo fundi wako amesema nusu ya ukweli. Ndani ya pawasaplai kuna kapasita ndogo mbili za kuchuja makelele: moja kati ya waya wa moto na kasha, nyingine kati ya nyutro na kasha. Aathi ikiwepo, umeme mdogo unaopenya hapo unashuka ardhini. Isipokuwepo, kasha linabaki na karibu nusu ya volti za ukutani, yaani kama 115. Ampea zake ni ndogo mno, chini ya sehemu moja ya elfu ya ampea, ndiyo maana unatambaa tu. Hatari ni siku waya wa moto utakapogusa bati la kasha: hakuna njia ya kuudondosha, breka haitakata, na wewe utakuwa njia yenyewe.

Kuna hasara nyingine isiyosemwa. Ukichomeka HDMI ya runinga au king'amuzi kwenye mashine ya namna hii vyote vikiwa vimewashwa, cheche ndogo hupita kwenye kebo. Milango mingi ya HDMI imekufa hivyo, na lawama ikaenda kwa kadi. Mpaka urekebishe aathi, chomoa vyote ukutani kwanza, unganisha kebo, ndipo urudishe umeme.

Kagua kuanzia karibu. Plagi ya pawasaplai ina pini tatu? Eksitensheni je, ina waya wa tatu ndani au ina matundu matatu ya urembo? Kama mnachomeka plagi ya pini mbili kwa kusukuma kalamu kwenye tundu la juu, tundu hilo ndilo la aathi, na kifaa hicho hakina aathi. Kisha mwite fundi mwenye mita apime kwenye soketi: moto na aathi zisomane karibu sawa na moto na nyutro. Zikisoma nusu au zikiyumbayumba, waya wa aathi haupo au haufiki popote.

Kwa nyumba za juu ya mawe, kosa huwa kwenye fimbo. Ya mita 1.2 inagongwa, inakutana na jiwe kwenye sentimita 40, kinachobaki kinakatwa kwa msumeno na kazi inahesabiwa imekwisha. Jiwe ni kipitishi kibaya cha umeme. Tafuta udongo wenye unyevu hata kama ni bondeni mwa kiwanja, piga fimbo mbili au tatu, zipishane si chini ya urefu wa fimbo moja, uziunganishe kwa waya wa shaba. Chumvi na mkaa husaidia kwa muda, lakini chumvi huondoka na mvua na kuila fimbo.

Nimepata Dell OptiPlex 7020 ya i5-4590, kasha dogo. Niweke RTX 4060 humo? (Msomaji, Sengerema)

Hapana, na sababu ni nne. Kasha dogo linapokea kadi fupi za kimo cha chini tu. Pawasaplai yake ni ya wati zisizofika 300 na haina waya wa kulisha kadi. Huwezi kuibadilisha kwa ya kawaida kirahisi, kwa sababu mazabodi hiyo ya Dell inatumia plagi ya pini 8 badala ya 24 (adapta zipo, lakini kasha halitoshi). Na prosesa hiyo ina viini 4 bila nyuzi za ziada. Kadi itakaa ikiisubiri.

Kinachoingia ni kadi ya kimo cha chini isiyohitaji waya, kama RTX 3050 ya GB 6 inayokula wati 70, au GTX 1650 ya wati 75. Angalia sana hiyo "GB 6", kwa maana RTX 3050 ya GB 8 ni kadi nyingine na inataka waya. Ongeza RAM ifike GB 16 na SSD ya SATA. Jua tu kwamba Windows 11 haiikubali rasmi prosesa hiyo, na msaada wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Gemu za mtandaoni zinazodai TPM 2.0 na Secure Boot (kinga za usalama za mashine), mfano Valorant kwenye Windows 11, hutazipata humo.

Kijana wangu anataka kuunda kompyuta ya gemu kwa fedha yake mwenyewe, sina neno. Ila LUKU nanunua mimi. Itaniulia uniti ngapi? (Mama, Bwiru)

Mama, hesabu yake si ngumu. Mashine tuliyompangia kijana wa Nyakato, pamoja na monita, inavuta kama wati 280 wakati wa gemu. Saa nne kwa siku ni uniti 1.1 hivi, kwa siku 30 ni uniti 34. Kama mita yako iko kwenye kundi la matumizi madogo, lile la uniti 75 kwa mwezi, basi gemu peke yake litachukua karibu nusu, na ukivuka utaona tofauti ya bei mara moja. Akiitumia kwa masomo na mtandao tu, inashuka kwenye wati 60 hadi 80 bila monita.

Mpe masharti mawili yasiyomuumiza. Afunge kikomo cha fremu kwenye gemu: kuna gemu kadi inachora fremu 250 kwa sekunde wakati monita inaonyesha 144, na zote zilizozidi ni umeme wa bure. Pili, mashine ilale yenyewe baada ya dakika 15. Ikilala inakula wati chache tu. Ikiachwa kwenye menyu ya gemu usiku kucha, inakula karibu sawa na inayochezwa.

Nimemaliza kuunga kila kitu, feni zinazunguka, taa zinawaka, monita inasema hakuna mawimbi. Nimerudisha kadi dukani wakasema nzima. (Msomaji, Geita)

Kabla hujasafiri tena, fuata mpangilio huu, umepangwa kwa yanayotokea zaidi. Kebo ya monita imechomekwa kwenye kadi, au kwenye mazabodi? Iwe kwenye kadi. Waya wa prosesa, ule wa pini 4+4 wa pembeni juu ya mazabodi, upo? Wengi hukumbuka wa pini 24 na kuusahau huu. Feni huzunguka bila huo. RAM: ondoa yote, rudisha kijiti kimoja kwenye tundu la pili kutoka kwenye prosesa, sukuma mpaka usikie "tak". Waya wa kadi umefika mwisho?

Kama mashine yako ni ya DDR5, usifanye lolote kwa dakika kumi za mwanzo. Ikiwashwa mara ya kwanza inajifunza RAM, skrini ikiwa nyeusi kwa dakika kadhaa, na anayeizima kila dakika mbili anairudisha mwanzo kila mara. Kama ni mazabodi iliyokaa dukani muda mrefu na prosesa mpya kuliko hiyo, huenda BIOS haiitambui. Mazabodi zenye kitufe cha BIOS Flashback husasishwa kwa flashi tu.

Ukilazimika kung'oa feni ya prosesa ya AM4, washa mashine kwanza ili pesti (krimu ya kupitisha joto kati ya prosesa na kipoza) ipate joto, zima, chomoa, kisha zungusha feni kushoto na kulia kabla ya kuinua. Ukivuta moja kwa moja, prosesa hutoka nayo kwenye soketi na pini hupinda. Picha ikishapatikana, ingia BIOS uwashe XMP au EXPO (mpangilio wa kasi kamili ya RAM), la sivyo RAM uliyoilipia 3200 itakimbia 2133 au 2666. Halafu Windows, mipangilio ya skrini, Hz 144. Mashine kibao zina monita ya 144 inayoonyesha 60 tangu siku ya kwanza.

Naletewa kadi iliyotumika, bei nzuri, muuzaji anasema haikuchimba sarafu za kidijitali. Na nakaa Kirumba karibu na maji: wadudu wa ziwani na unyevu vitaiua? (Msomaji)

Kama ilichimba au haikuchimba, muuzaji ndiye anayejua na huwezi kumpima. Ipime kadi. Nenda na flashi yenye programu ya GPU-Z (ya kuitambua kadi) na FurMark (ya kuitwisha mzigo). GPU-Z ikiandika neno FAKE mbele ya jina la kadi, geuka uondoke; ni kadi ya zamani iliyobadilishwa BIOS ijiite mpya. Kama ni RX 580, tazama idadi ya sheda (vichakataji vidogo vya kadi): 2304 ni kamili, 2048 ni toleo lililopunguzwa, na bei ipungue pia. Endesha FurMark dakika 15. Joto likipanda na kutulia chini ya nyuzijoto 80 hivi, vizuri. Likigonga 85 na kuendelea kupanda, pesti imekauka au feni imechoka. Nukta za rangi au mistari kwenye skrini ni kumbukumbu inayokufa, na hiyo haitengenezeki kwa gharama ya maana. Mwisho chungulia skurubu na mlango wa HDMI: kutu ya kijani au nyeupe ni historia ya unyevu.

Wadudu wale hawali mashine. Wanakuja kwa mwanga, na kasha lenye kioo na taa za rangi mbele ya dirisha lililofunguliwa usiku ni mwaliko. Wanavutwa na feni, wanakufa kwenye mapezi ya kipoza, wanashikana na vumbi na kuwa kama blanketi. Zima taa za kasha usiku au sogeza mashine mbali na dirisha. Weka chujio la wavu mwembamba kwenye feni za kuingiza hewa, mbili mbele, moja ya kutoa nyuma. Zikiingiza kuliko zinavyotoa, hewa yote inapita kwenye chujio badala ya kunyonywa kwenye nyufa. Wakati wa makundi yale yanayosimama juu ya maji kama moshi, kagua chujio kila wiki. Osha kwa maji, likauke kabisa kabla ya kurudisha.

Unyevu haumsumbui anayewasha mashine kila siku, kwani joto lake lenyewe huikausha. Unamsumbua anayesafiri mwezi mzima. Ukirudi, usiwashe usiku uleule kama chumba kilifungwa na mvua ilinyesha. Fungua kasha, elekeza feni ya kawaida ya mezani kwa saa kadhaa, ndipo uwashe. Na ukipuliza vumbi kwa bloa, shika panga za feni kwa kidole zisizunguke. Feni inayozungushwa na upepo huzalisha umeme kurudi kwenye mazabodi, na beringi zake huumia.